Fimbo Niliyoikata Njiani kwenda Matema

Aliyenitia safarini ni Shemeji Bakari, mume wa dada yangu. Ulikuwa ule wakati wa ruksa: mitumba ruksa, duka ruksa, na shemeji, mwenye duka la mashati Kyela mjini, akaamua kwamba hata msitu ni ruksa. Alikuwa amesikia kwamba kati ya Ipinda na Matema kuna msitu usio na mwenyewe. "Wewe mwalimu uko likizo, na kutembea unapenda," aliniambia. "Kauone, uzungumze na watu wa huko. Wakikubali, tunapeleka misumeno." Nilikubali haraka, nikatia mfukoni barua yake ya maombi, nikijiona mpelelezi.

Asubuhi niliondoka na viatu vya mitumba ambavyo mwenyewe wa kwanza alikuwa na miguu mikubwa kuliko yangu. Hadi Ipinda nilidandia trekta la magunia ya mpunga. Baada ya hapo nilishika njia kwa miguu, migomba upande huu, mikakao upande ule.

Saa sita mchana niliingia msituni, na nakiri, niliupenda papo hapo. Jua lilibaki nje. Kijito kilipita chini ya mizizi, maji yake baridi ya kuuma meno, na tumbili mmoja alinikodolea macho kama mkaguzi wa shule. Nilikaa humo muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji. Kisha, kwa kuwa viatu vilikuwa vimenichubua, nikakata tawi lenye gome jekundu nikalifanya fimbo. Nikajiambia hiyo ni sampuli ya shemeji.

Katika vijiji vitatu vilivyofuata watu waliitazama fimbo, wakanitazama mimi, wakacheka. Nilidhani wanacheka viatu.

Jioni nilifika Matema, kando ya ziwa, kwa Mama Atupele, mfinyanzi, ambaye mwanawe nafundisha naye. Alikuwa barazani akisugua chungu kwa kokoto. Salamu zilipokwisha, hakunipa kiti.

"Mwalimu, mti huo umeutoa wapi?"

"Kule msituni."

"Uliomba?"

"Nimwombe nani, mama? Si hauna mwenyewe?"

Alicheka mpaka akaweka chungu chini. "Wenyewe tuko vijiji vitatu! Maji ya mpunga wetu yanatoka humo. Anayetoa kitu anakirudisha kwa miguu yake, pale pale. Na kila nyumba aliyopita nacho anapiga hodi, anasema kosa lake."

"Na nikikitupa ziwani?"

"Wamekuona, baba. Wanakungoja. Haya, karibu chakula."

Kesho yake nilipiga hodi mpaka vidole vikauma. Nyumba moja waliniomba nisubiri, baba yuko shambani, naye asikie. Nyingine walinipa ndizi, nikashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," wakaniambia nirudie kosa langu kwa sauti zaidi. Niliona aibu ya kweli, mtu mzima na chaki yangu. Lakini hakuna aliyenitukana. Mama mmoja alinionyesha mfereji mlangoni pake, maji yakikimbia kwenda kwenye mpunga, akasema mwaka wa ukame watu wa mbali walikuja kuchota hapo. Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na barua ya shemeji ya kuomba msitu ule, na nilitamani ipotee.

Alasiri niliichomeka fimbo kando ya mti niliokuwa nimeukata tawi. Barua niliichana vipande. Nikataka kuviacha hapo, nikakumbuka mkaguzi yule juu ya mti, nikavirudisha mfukoni.

Kyela nilifika siku ya tatu, viatu mkononi. Shemeji alinipokea mlangoni mwa duka.

"Wamekubali?"

"Wana sharti moja tu," nilisema, nikamweleza lote, hodi kwa hodi. "Mimi kijiti kimoja kimenila siku nzima. Sasa wewe, shemeji, na magogo ya lori zima, utaanza na nyumba ipi?"

Aliyatazama malengelenge ya miguu yangu. Kisha akaingia ndani kupanga mashati.