Verla na mechi aliyoigawa kwa macho ya kompyuta

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kuku anatetea juu ya meza ya Verla Hrynchuk.

Ni kuku wa plastiki, wa kupimia muda wa kuchemsha mayai, na anatetea hasa, utadhani ametaga sasa hivi na anataka mtaa mzima upate habari. Verla anaacha kila kitu. Anatoa mikono kwenye kibodi, anainua uso kutoka kwenye kompyuta zake mbili na kuukazia macho ukuta wa mwisho wa ofisi, huku akipepesa kope taratibu, tena na tena.

Kwenye simu yuko mkulima ambaye kanola yake, zao la mbegu za mafuta, iliharibiwa na mvua ya mawe kiangazi kilichopita. Amekuwa akieleza hasara yake kwa uchungu, lakini sasa ananyamaza na kusikiliza.

"Mama," anauliza, "huyo kuku naye amekuja kudai fidia?"

"Foleni yake ipo, baba," anajibu Verla bila kuondoa macho ukutani. "Nivumilie kidogo. Natazama mbali."

Ukutani kumebandikwa duara kubwa la karatasi lenye vifuniko viwili vya chupa za jemu, kimoja chekundu na kimoja cha njano. "Chekundu ndicho kiko karibu na kitovu," Verla anatangaza. Kijana mnene mwenye shati la miraba anainuka kitini, anachungulia duara lile kwa makini, na kuinua dole gumba. Kisha kila mtu anarudi kazini, na mkulima anarudi kwenye kanola yake.

Hapa ni Brennick, mji mdogo wa Saskatchewan, katika ofisi ya bima ya mazao. Verla ana miaka hamsini na saba na zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi ameyamalizia kwenye kiti hiki, akipokea vilio vya wakulima na kuviingiza kwenye kompyuta. Anakaa mbele ya kioo hicho saa nane kwa siku, na wakati wa madai mengi huongeza mbili. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

"Zamani madai yalikuja kwa karatasi," anasema. "Nilikuwa naenda kabatini na kurudi siku nzima, nikililaani kabati. Sasa silifuati tena. Limenifuata lenyewe, limekuja kukaa machoni."

Kama ingekuwa macho kuwasha na kichwa kugonga jioni, Verla asingehangaika. Angekunywa chai akalala. Kilichomfikisha kwenye kuku ni balaa lililompata Januari, ambalo mpaka leo watu wa Brennick wakilisimulia wanaweka kikombe chini kwanza.

Verla ni nahodha wa timu ya wanawake ya mchezo wa mawe. Huku kila mji una ukumbi wake wa barafu, hata mji usio na duka la mkate. Jiwe zito lenye mpini linasukumwa, linateleza barafu yote mpaka kwenye duara la upande wa pili huku wachezaji wenza wakifagia barafu mbele yake lifike mbali, na mwisho wa raundi jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo linalohesabiwa. Hakuna refa wa kupuliza filimbi. Watu wanaaminiana. Nahodha akiona hana tena njia ya kushinda, anavua glavu, anampa mwenzake mkono na kumpongeza, na mchezo umekwisha papo hapo. Mkono ukishatolewa hakuna wa kuurudisha.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mashindano ya mji jirani wa Tolby, ambako timu za wanaume na za wanawake huchanganywa. Verla alitoka ofisini moja kwa moja na kuendesha gari huku taa za wenzake barabarani akiziona zina manyoya. Hakumwambia mtu. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameshalaumu taa za ukumbi, kisha barafu, kisha taa za gari lenyewe. Kwa daktari hakutaka kwenda, maana aliamini wapinzani wakisikia nahodha haoni watamla mzima.

Wapinzani walikuwa timu ya Garnet Tollefson, mfugaji wa ng'ombe mwenye sauti ya pole. Raundi ya mwisho, Verla akatupa jiwe lake la mwisho, jekundu. Wafagiaji wakalifagilia njia kwa nguvu zote. Jiwe likapita katikati ya mawe mengine, likaenda kutulia kitovuni kabisa, limejificha nyuma ya mengine asiweze mtu kulifikia. Dot, wifi yake, ambaye ni naibu nahodha, alikuwa amesimama kwenye duara lile na anasema hajapata kuona jiwe zuri kama lile tangu azaliwe.

Ila Verla alikuwa bado upande wa kurushia, mita arobaini kutoka hapo, na macho yaliyoshinda siku nzima yakitazama kitu kilicho karibu na pua. Aliona ukungu wenye rangi. Katika ukungu ule akaona la njano ndilo limekaa kitovuni na lake limeishia njiani.

Garnet naye alikuwa anakuja upande wake. Alibakiwa na jiwe moja lakini alishajua halimsaidii kitu, na glavu yake alikuwa ameanza kuivua njiani. Verla akamwahi. Akavua yake, akampa mkono, na kusema kwa ungwana wote aliofundishwa na marehemu mama yake:

"Hongera, Garnet. Mmetushinda."

Garnet anasema alibaki ameduwaa na mkono wa watu mkononi mwake. "Nikamtazama usoni nikaona hatanii," anakumbuka. "Sasa mtu mzima amekupongeza mbele za watu, utamwambia amekosea? Nikasema asante."

Kule upande wa pili Dot alikuwa anarukaruka. Aliendelea kurukaruka peke yake kwa muda.

Na mila ya mchezo huu ni kwamba anayeshinda ndiye anayewanunulia walioshindwa kinywaji. Kwa hiyo wanawake wa Brennick wakaketi meza moja na timu ya Garnet, wakanywa bia za Garnet kwa mechi waliyokuwa wameshinda wao. Verla anasema bia ile ilimkaa kooni mpaka Jumatatu.

Mji haukumwacha. Muuza nyama alikataa kumpa mkono, akisema hana mahali pa kuweka kombe. Mumewe, Orest, kila akipewa sahani ya pirogi za viazi aliuliza kama ni chakula chake au anagawiwa tena ushindi. Asubuhi moja Verla alifungua mlango wa mbele akakuta glavu moja imening'inizwa kwenye kitasa, na aliyeiweka hakujulikana.

Hayo yote aliyacheka. Kilichomuumiza ni Dot, aliyekuja jikoni siku hiyo bila utani wowote.

"Wifi, nakupenda kuliko kaka yangu, na mwenyewe analijua," Dot alimwambia. "Lakini nahodha asiyeona si nahodha. Nenda kwa daktari. Alhamisi ya mwisho wa Februari tuna mechi hapa nyumbani. Ukishindwa kusoma mawe toka upande wa pili, unahodha nauchukua mimi, wewe utafagia."

Unahodha wa Brennick ulikuwa wa mama yake Verla, Paraska, kabla haujawa wake. Verla aliupokea mama akiwa bado hai na akimkosoa kutoka kwenye benchi. Alitoka, akaingia kwenye gari na kulia peke yake. Halafu akagundua jambo lililomkera zaidi: baada ya kulia, macho yaliacha kuwasha.

Daktari wa macho, Daktari Thiara, aliposikia hivyo alicheka mpaka akaomba radhi. Alimpima kote kote na kumwambia macho hayana ugonjwa. Yamechoka tu. Misuli ya jicho ikishinda imejikunja kutazama karibu, jioni haitaki kukunjuka, kama vidole vya mtu aliyebeba ndoo kutwa. Na zaidi ya hapo, alimwambia, ukiwa mbele ya kompyuta hupepesi. Unakodoa kama samaki, macho yanakauka.

"Nilimwambia binti yangu, nimeolewa miaka thelathini na mume hajaniita samaki," anasema Verla. "Akaniambia labda baba naye hapepesi."

Alipewa miwani ya kompyuta na masharti. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa na kiwe chini kidogo ya usawa wa macho. Dirisha lisiwe nyuma yake likimulika kioo. Kitandani asiingie na simu. Apepese. Na kila baada ya dakika ishirini atazame kitu kilicho mbali futi ishirini, kwa sekunde ishirini.

Verla ni mtu wa masharti. Alinunua kuku kwa ajili ya dakika. Kwa ajili ya futi alileta utepe wa Orest wa kupimia mbao, akaufunga kwenye mguu wa meza yake na kutembea nao mpaka ukafika ishirini. Uliishia kwenye paji la uso la Wendell Pruden.

Wendell ndiye yule kijana wa shati la miraba, mchapaji mzuri na mwoga wa mama yake. Siku ya kwanza kuku alipotetea, Verla akamkazia macho bila kusema neno, akipepesa. Wendell akaacha kutafuna mbegu za alizeti. Kuku akatetea tena, Wendell akatazamwa tena, akapanga meza yake. Kufikia mchana alikuwa amemaliza madai ya wiki nzima. Meneja alimsifu mbele ya ofisi yote bila kujua kimempata nini.

Siku ya tatu Wendell akashindwa kuvumilia. Alikuja mezani kwa Verla na pai ya beri, akaungama dhambi ambazo hakuna aliyemshtaki nazo. Kikombe cha Verla kilichovunjika mpini ni yeye. Maganda ya alizeti kwenye chungu cha ua ni yeye.

"Na ile glavu mlangoni, dada Verla, ni mimi," alisema. "Nisamehe. Lakini usinitazame tena vile, silali."

Verla alimweleza habari za daktari. Wendell akacheka, halafu akaona haya upya, na kesho yake akaja na duara la karatasi na vifuniko vya jemu. Akahama kiti. Tangu hapo, kabla kuku hajatetea, yeye husogeza vifuniko kidogo, na Verla husema kipi kiko karibu na kitovu. Siku za mwanzo alikosea zaidi ya alivyopata. Meneja alitaka kuku apunguzwe sauti, ila naye sasa akisikia akitetea anainua kichwa na kutazama nje ya dirisha, na ofisi nzima inafanya hivyo.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito kidogo. Verla alipoanza mazoezi ya kupepesa wakati wa chakula, Orest aliyapokea kama mwaliko. Usiku wa pili alitokea mezani amenyoa ndevu na ananukia. "Sikuwa na moyo wa kumwambia ni dawa," anasema Verla, na hapo anakataa kuendelea.

Alhamisi ya mwisho wa Februari ukumbi wa Brennick ulijaa, na si kwa ajili ya mchezo. Hata muuza nyama alikuja. Raundi ya mwisho pointi zilikuwa sawa. Verla akapiga magoti, akateleza, akaliachia jiwe. Wafagiaji wakaenda nalo. Likagusa jingine, likazunguka, likasimama. Mawe mawili, jekundu na la njano, yakabaki yamebanana karibu na kitovu.

Kule mbali Dot aliinua ufagio juu. Ndiyo ilikuwa alama waliyokubaliana: sema unachokiona.

Verla anasema alipepesa mara kadhaa, na mpaka hapo alikuwa hajui kama ataona barafu au supu. Kisha mpini mwekundu ukajitenga na wa njano, kila mmoja na ukingo wake.

"La kwetu ndilo la karibu," alipiga kelele. "Linalizidi la kwao kiganja kizima!"

Nahodha wa wapinzani, aliyekuwa amemfikia na jiwe lake la mwisho bado halijatupwa, alitazama duara, akapima njia na kuiona imezibwa. Akavua glavu na kutoa mkono. Verla hakuupokea. Aliificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari.

"Samahani, dada," alimwambia. "Mkono wangu hauna ruhusa mpaka wifi aone."

Watu waliangua kicheko. Dot aliinama juu ya mawe yale, akachukua muda wake wote, akaweka kiganja katikati. Halafu akatembea barafu nzima bila haraka, mpaka akafika mbele ya Verla, na macho yake yeye ndiyo yaliyokuwa na maji.

"Mpe mkono, nahodha," alisema.

Jumamosi hii Brennick wanarudi Tolby, na aliyepangwa nao ni Garnet Tollefson. Garnet amepiga simu ofisini kuuliza kama kuku naye anasafiri. Anasafiri, kwenye begi la viatu. Ijumaa Verla ameomba ruhusa ya nusu siku ili macho yawe yamepumzika kabla ya barafu, na glavu yake ya kulia Dot ameitia kamba ya kiatu ya kuifungia kwenye kifundo cha mkono, fundo juu ya fundo, isije ikavuliwa mapema.

Kuku anatetea. Verla anainua uso, anatazama ukuta, anapepesa. Anaulizwa anatarajia nini Jumamosi, kombe au kisasi.

"Kombe wachukue wanaolitaka," anasema, macho yake bado yako mbali. "Mimi nilikunywa bia ya Garnet ambayo haikuwa yangu. Safari hii nataka kununua mimi. Njano, Wendell. Cha njano ndicho kiko karibu."

Wendell anainuka kwenda kuangalia.