Masale Ndani ya Hadi Diski

Siku niliporudishiwa hadi diski yangu ya kuhifadhia faili, na kompyuta ikaniambia ina giga thelathini na mbili, nilifuta kaunta ya duka mara tatu. Ndivyo nilivyo, nikikasirika nasafisha. Diski ile ilikuwa ya giga mia tatu na ishirini. Nilikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa kopi mtaa wa Daraja Mbili, miaka ile ya soko huria ambapo kompyuta za mtumba na deki za kila aina zilijaa mjini, na kila mtu alikuwa fundi.

Kosa lilikuwa langu, nalisema wazi. Ndani ya diski mlikuwa na video niliyoirekodi mwenyewe: baba yangu, kule kwetu Akheri, mwaka mmoja kabla hajafariki, akinigawia kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, kando ya mfereji. Sasa kaka yangu mkubwa alikuwa anatangaza kwamba mtoto wa kike hana kihamba, na ukoo ulipanga kukaa Jumamosi. Nilitaka wote waione ile video kwa baba mdogo, lakini deki yake haikuisoma diski. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Kijenge, nikamwambia, “Fanya isomeke kwenye deki.” Kilichomo sikumwambia. Kwetu mambo ya kihamba hayasemwi mbele ya mtu baki, hata akikuuliza. Naye aliniuliza, nikamjibu ni vitu vyangu tu. Akaifomati, na vyote vilivyokuwamo havikuonekana tena.

Nilirudi kwake siku ileile.

“Dada, mbona inasoma vizuri tu?” akasema. “Deki hizi zinataka sehemu ndogo. Kama unaitaka nafasi yako yote, naifuta hii sehemu, naiunganisha na iliyobaki. Dakika mbili unaondoka na giga zako.”

“Usiguse kitu,” nikamwambia. “Humo mlikuwa na video ya marehemu baba.”

Akaichomoa diski. “Ungesema, dada.”

Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ni kweli. Alinieleza kuwa ile nafasi iliyopotea bado ipo, ila kompyuta haioni njia ya kuingia. Video inaweza kuwa imelala humo, mradi kisiandikwe kitu kingine juu yake. Akaniwekea programu ya kuchimbua faili zilizofutwa kwenye laptop yangu. Ilikuwa Jumatano.

Kuchimbua kulitaka saa nyingi mfululizo, na sisi tulikuwa kwenye mgao wa umeme, tena betri ya laptop ilikuwa imekufa. Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati, ikabidi kuanza upya. Mara ya pili vilevile. Shemeji yangu akanishauri niachane nayo, ninunue diski nyingine. Nikamwambia hiyo nyingine haina baba yangu. Ijumaa asubuhi nikabeba laptop hadi saluni ya shoga yangu, hapohapo Kijenge, kwa kuwa yeye alikuwa na jenereta. Nikakaa kati ya wanawake wenye rola kichwani. Mmoja akanitania kama namsubiri mchumba atokee humo kwenye kioo. Nikamwambia namsubiri baba. Hakunitania tena.

Jioni jioni faili likatoka. Picha ilikuwa na mikwaruzo, sauti hakuna kabisa. Yale maneno yake, “hapa ni pa binti yangu,” yalikuwa yamekwenda. Nililia palepale bila kumwonea mtu haya. Kisha nikaichoma video kwenye CD tatu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo, na ndipo nikamwacha fundi anirudishie nafasi yangu. Kweli zilikuwa dakika mbili.

Jumamosi nilimwamkia baba mdogo, nikaiweka CD kwenye deki yake. Ukoo wote ukasogea kutazama. Baba akatokea na jembe kando ya mfereji, akainama, akapanda masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Alipomaliza akaita kwa mkono, na mguu wangu ukaingia kwenye picha, ukiwa na kile kiatu changu cha njano ambacho wote walikijua, ukashindilia udongo.

“Rudisha nyuma,” akasema baba mdogo. Tukatazama tena. Akamgeukia kaka. “Haya masale yako wapi sasa?”

Kaka akatazama chini. Sote tulijua yaling'olewa msimu uliopita, ila hakuna aliyekuwa amesema ni nani.

“Kipande ni cha huyu,” baba mdogo akasema, akaomba chai.

Wiki iliyofuata kaka alisimama mlangoni mwa duka langu, ameshika shina la masale. Kwetu mtu akikuomba msamaha kwa masale humkatai, hata kama moyo bado unachemka. Wangu ulikuwa unachemka. Nililipokea kwa mikono miwili, nikamvutia kiti.

Kesho yake nilifunga duka, nikaenda Akheri. Nikalichomeka shina lile kando ya mfereji, palepale, nikashindilia udongo kwa mguu.