Shimo la Dubu Mbele ya Buldoza

Ilianza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumebanana kitandani kwa Mama chumbani kwetu mtaani Bellevue, tukimpigia Mjomba video. Mjomba yuko Kanada, anaendesha buldoza inayofungua barabara za kwenda kwenye visima vya gesi. Kwetu salamu hufuata umri: Mama, kisha kaka yangu, halafu mimi kitindamimba. Zamu yangu huwa ni "Jambo, Mjomba," basi, narudisha simu.

Siku hiyo Mjomba alikuwa na kisa. Mlimani, hatua chache kutoka mahali atakapopasua barabara kesho, ameona shimo chini ya mizizi, udongo bado mbichi. La dubu wa kahawia, wale wakubwa wanaoitwa grizli. Sheria ya kazini ni kwamba ukiona shimo la dubu, unamwambia mkaguzi wa wanyama kabla mashine haijapita.

"Umemwambia?" kaka aliuliza.

"Nimwambie nini? Nimechungulia, ni tupu."

"Umechungulia shimo la dubu? Una wazimu wewe!" Mama akapiga kelele.

"Dada, kwetu Kivu shimo lisilo na mwenyewe limehamwa. Nikisema, kazi inasimama, sisi wa mkataba tunakaa nyumbani bila malipo, tumekunja mikono."

"Basi funga mdomo," Mama akasema. "Dubu hakukutafutia hiyo kazi."

"Eish, labda kaja huku madukani Randburg kununua blanketi," kaka akasema. Wakacheka wote.

Mimi nilikuwa nachemka. Muhula mzima nilisoma habari za dubu hao na visima kwa ajili ya jiografia, nikachagua mada hiyo kwa sababu ya Mjomba. Nilijua dubu huchimba kwanza, huzunguka akila kwa wiki kadhaa, ndipo theluji ikianguka huingia kulala. Jike huzalia humo humo.

Simu ikanifikia.

"Jambo, Mjomba. Shimo ni tupu kwa sababu hajalala bado. Ataingia theluji ikianguka. Labda atazaa humo. Ukilifukia kwa buldoza hana pa kwenda."

Sikupumua hata mara moja.

"Kumbe hiki kitoto kinasema!" Alicheka, kisha akaniuliza mimi kwa upole: "Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Haya, kata simu. Nimpigie mkaguzi kabla sijabadili moyo."

Mama alininyang'anya simu, lakini nilikuwa nimeshakata. Nilijaa furaha na woga, nilitaka kukimbia mtaa mzima.

Asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, nilikuta ujumbe wa sauti wa Mjomba. Mkaguzi amefika, shimo ni jipya kabisa, amelizungushia utepe. Barabara itapita upande wa pili wa kilima, na kazi imesimama mpaka ramani mpya ikubaliwe. "Mwambie mama yako wewe," Mjomba alimalizia, "mimi namwogopa."

Mama alikuwa akipakia nywele za rasta za kusukia kwenye mfuko wa saluni. Nikaenda nikasimama mlangoni, mbele yake.

"Mama, shimo limepona. Mjomba hana kazi mpaka wamwite. Ni mimi niliyemsukuma."

Kisha nikabonyeza ujumbe ausikie mwenyewe.