Fundi Gololi na Mtaa Ulionyamaza

Kila fundi ana jina ambalo mama yake hakumpa. Huyu aliitwa Gololi. Jina lilimpata zamani, siku alipodondosha gololi moja ndogo chini ya meza yake ya kazi, akapiga magoti kuitafuta mpaka mwenye baiskeli akachoka kusubiri. "Fundi, weka hizo zilizobaki, zinatosha," mteja akasema. Yeye akajibu, kichwa kikiwa bado chini ya meza, "Baiskeli haitoki hapa na upungufu." Watu wakacheka, jina likaganda. Hata mkewe alimwita hivyo wakigombana.

Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya mtaro, ubavuni mwa mchomeleaji wa mageti. Rimu zilining'inia juu, spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na umbo la kila spana lilichorwa kwa rangi pale inapokaa, ili mkono mgeni usirudishe ovyo. Alipokuwa ananyoosha gurudumu, alilizungusha polepole, akazigusa spoki mojamoja kwa ukucha, akasikiliza zinavyolia. Hapo hakutaka mtu akohoe. "Nyamazeni! Namsikiliza mgonjwa," alikuwa akisema, na wateja walibana midomo kama wako kwa daktari. Hata mchomeleaji alishusha nyundo.

Macho yalimwacha taratibu. Presha ya macho haina haraka na mtu. Ilianza kumla pembeni. Akawa anagonga milango, anamwaga chai za watu, anapitwa na salamu mpaka majirani wakasema siku hizi fundi ana maringo. Mwishowe aliiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba la fremu ya baiskeli. Kisha bomba nalo likaziba.

Hakukubali. Asubuhi moja alichukua mwavuli wa mkewe, akaufanya fimbo, akatoka. Walimtoa mtaroni akiwa na mwavuli uliovunjika na mguu uliochunika, tope mpaka masikioni. Mkewe alimwosha tope lote. Alipomaliza, akachukua ufunguo wa kibanda mfukoni mwa suruali ile chafu, akautia kamba, akauvaa shingoni, ndani ya gauni.

"Nimeshakuzika mara moja leo kichwani mwangu," alisema. "Sirudii."

Basi fundi akawa mtu wa kiti. Kiti kilikuwa karibu na dirisha, na toka asubuhi hadi jioni alizungusha gololi moja kati ya vidole, akisikiliza mtaa unavyofanya kazi bila yeye. Alinenepa kidogo, akawa mkali. Chai ilikuwa baridi, redio ilisema uongo, mto ulikuwa na mawe. Mkewe alivumilia, kwa sababu alijua si chai wala mto. Wakati huohuo muuza makasha ya simu alikuwa amepita mara kadhaa kuulizia kibanda. Alitaka kukipanga. Mke alimwahidi jibu mwisho wa mwezi unaofuata.

Nesi wa kliniki ya macho ndiye aliyepeleka jina la fundi kwenye Huduma ya Wasioona. Ofisi yake ilikuwa makao makuu ya jimbo, lakini watu wake walizunguka jimbo zima, wilaya kwa wilaya, na zamu ya mtaa huu ilipofika, gari lenye vumbi lilisimama mlangoni. Akashuka mama mmoja mnene, mwenye begi begani na fimbo nyeupe mkononi. Nyuma yake dereva alikuwa analalamika.

"Juzi milimani, jana mpakani, leo huku. Mgongo wangu umebaki njiani."

"Utaufuata tukirudi," mama akamjibu, kisha akapaza sauti, "Hodi! Yuko wapi mwanafunzi wangu?"

Huyo alikuwa mwalimu wa fimbo. Mke wa fundi alimtazama usoni, akarudi ndani haraka, akamnong'oneza mumewe, "Jamani, na yeye haoni!"

"Sioni, dada," mwalimu akasema toka mlangoni, "ila kusikia nasikia vizuri sana."

Fundi akacheka. Mkewe akasimama pale na aibu yake usoni, lakini akafurahi pia, maana kicheko hicho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile siku nyingi.

Mwalimu alitoa vitu begini. Saa inayosema wakati. Vinundu vidogo vya kubandika kwenye jiko, ili mkono ujue moto uko kiasi gani. Kisha akaomba kutembea nyumbani mle. Alipita ukumbini kwenda na kurudi, fimbo ikigonga sakafu tupu.

"Mbona nyumba haina kitu? Mnahama?"

"Nimeondoa mwenyewe," mke akasema kwa fahari. "Kigoda, mtungi, zulia, vyote nimepeleka uani. Sitaki ajikwae."

"Dada yangu, umeondoa macho yake. Kigoda kilimwambia hapa ni jikoni. Mtungi ulimwambia hapa ni mlango wa chumbani. Sasa anapapasa ukuta mtupu kama mtu anayeupaka rangi. Asiyeona haogopi kitu kilicho mahali pake, anaogopa kilichohama."

Mke akautazama ukumbi mtupu. "Kwa hiyo nilikuwa nampoteza?"

"Ulikuwa unampenda. Ila rudisha kigoda."

Kigoda kikarudi, na mtungi, na zulia. Jioni ile fundi alikwenda jikoni, akarudi na kikombe chake mwenyewe, akaketi na kuinywa chai bila kuitukana.

Kazi ya fimbo haikuwa rahisi. Fundi alikuwa na kiburi. Kwanza alisema fimbo ni ya wazee. "Na wewe ni kijana?" mkewe akauliza. Kisha akataka kuhesabu hatua, kama mtu anayehesabu meno ya gia, na mwalimu akamkataza. "Hatua zinadanganya, fundi. Ukiwa na njaa ni ndefu, ukiwa umeshiba ni fupi. Sikiliza mtaa, nusa mtaa." Fimbo itangulie, mguu ufuate. Ikienda kushoto, mguu wa kulia ndio upige hatua. Na ukipotea, simama. Usiendelee kupotea kwa kasi. Simama, uliza.

Hilo la kuuliza fundi hakulipenda. Maisha yake yote watu ndio waliomuuliza yeye.

Mwalimu alipokuwa wilaya nyingine alipiga simu toka huko aliko. "Umetembea leo, au umeikalia fimbo?" Fundi alijibu ametembea, na siku nyingi ilikuwa kweli. Wakipita pamoja njia ya kibandani, walikuwa kioja, wasioona wawili na fimbo mbili, na kinyozi wa kona aliwatolea kiti kila mara. Njia yenyewe fundi aliishika vizuri. Unatoka getini, unafuata ukuta mpaka joto la tanuri la mikate likupige shavuni. Unaendelea mpaka redio ya kinyozi. Hapo unapinda. Halafu unaifuata nyundo ya mchomeleaji ikiwa mbele yako, maana kibao cha kuvukia mtaro kiko sawasawa naye. Ukivuka, umefika.

Mwezi ulipokaribia kwisha, mke alitoa sharti lake mbele ya mwalimu. "Afike kibandani na kurudi, peke yake, bila mtu kumshika mkono. Akifika, ufunguo wake. Asipofika, muuza makasha anahamia, na mimi sitaki kusikia habari za kibanda tena."

"Nimekubali," fundi akasema. Mkono wake ulikuwa umebana ile gololi.

"Na siku hiyo mimi nisiwepo," mwalimu akasema. "Nikiwepo utanisikiliza mimi badala ya mtaa."

Siku moja kabla ya mtihani, mke wa fundi alipita mlango kwa mlango. Alikuwa anamtaka mumewe ashinde, ingawa sharti lilikuwa lake; alikuwa amechoka na mtu wa kiti kuliko alivyomwogopa mtu wa mtaroni. Akamwambia mwoka mikate, akamwambia kinyozi, akamwambia mchomeleaji, na wenye mashine ya kusaga, "Kesho mume wangu ana mtihani. Naombeni, akipita, mtu asifanye kelele. Mnamjua, akiwa kazini anataka kimya."

Wote walimjua. Wote waliwahi kuambiwa wanyamaze ndani ya kibanda kile. Wakaahidi kwa moyo mmoja.

Asubuhi fundi alivaa aproni yake ya kazi, akatoka. Mkewe alibaki mlangoni, kama walivyokubaliana, mpaka alipoona mgongo wake umefika mwisho wa ukuta. Hapo akavua kandambili, akazishika mkononi, akamfuata peku.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Ukuta ulikuwepo, joto la tanuri likampiga shavuni, akatabasamu. Akaendelea, akingoja redio ya kinyozi. Redio haikuja. Akaenda kidogo, akategea sikio. Hakuna redio. Mashine ya kusaga nayo kimya, na mbele, palipotakiwa kuwa na nyundo, hapakuwa na kitu. Mtaa wote ulikuwa umesimama milangoni ukibana pumzi. Mwoka mikate alikuwa na unga mikononi, kinyozi alikuwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa, mchomeleaji ameshika nyundo kifuani kama mtu aliye msibani. Walimwangalia kwa upendo mtupu.

Fundi alipinda pale alipodhani ni kona. Haikuwa kona. Fimbo ikagusa changarawe asiyoijua, akarudi nyuma, akageuka, na alipogeuka mara ya pili hakujua tena nyumbani ni wapi na kazini ni wapi. Kimya kile kilikuwa kama ukumbi uliotolewa vitu vyote. Mguu wake uliochunika ukaukumbuka mtaro.

Na mtaro ulikuwa mbele yake, karibu. Mkewe aliuona. Mkono mmoja aliuweka mdomoni, mwingine shingoni, juu ya ufunguo. Akimwita, amemwongoza. Akimshika, sharti limevunjika, na kiti cha dirishani kinamngoja. Alitazama huku na huku, akaona milango yote, midomo yote iliyofungwa, kinyozi na redio yake iliyozimwa, ndipo akaelewa alichofanya. Kigoda tena! Alikuwa amekiondoa kigoda cha mtaa mzima.

Kabla hajajua la kufanya, fundi alisimama. Akashusha fimbo mbele ya miguu yake, akaiacha pale. Kisha akafanya jambo ambalo hakulizoea.

"Jamani," akasema kwa sauti, "nauliza. Leo mmekufa wote?"

Hakuna aliyejibu. Ahadi ni ahadi. Ila kinyozi hakuumbwa kwa ahadi za namna hiyo. "Tuko hai, fundi!" akapasuka. "Mkeo ndiye katuambia tunyamaze!"

"Anyamazishe mtaa? Kwani mimi nimelala?" Fundi alianza kucheka. "Washa redio yako, mpumbavu wewe! Na wewe mchomeleaji, unalipwa kwa kusimama? Fanyeni kazi, nipite!"

Redio ikalia. Mashine ya kusaga ikakohoa, ikaanza kunguruma. Mwoka mikate akagonga trei zake bila sababu yoyote, na mchomeleaji akalipiga geti alilokuwa anatengeneza kwa nguvu kuliko lilivyohitaji, akipaza sauti, "Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, baba! Njoo!" Mtaa ukarudi mahali pake, kitu kwa kitu. Fundi aligeuza uso taratibu, akaipata redio sikio la kushoto, akaipata nyundo mbele. Akarudi nyuma hadi konani, akapinda panapostahili. Fimbo ikagusa kibao cha mtaro. Akavuka.

Alipapasa mlango wa kibanda, akashika kufuli, akaligeuza kama mtu anayesalimiana na rafiki. Kisha akanyoosha kiganja nyuma yake bila kugeuka.

"Lete ufunguo, mama watoto."

Mkewe aliganda juu ya kibao. "Umejuaje niko hapa?"

"Unanukia kitunguu ulichokata asubuhi. Tulikubaliana ubaki nyumbani."

"Tulikubaliana pia ufike peke yako. Umeuliza mtaa mzima."

"Nimeuliza. Sikushikwa mkono."

Kinyozi, aliyekuwa amewafuata na wembe wake, akasema hilo ni kweli, yeye ni shahidi. Mteja wake mwenye nusu ya kichwa akasema na yeye ni shahidi, ila angependa kumaliziwa. Mke wa fundi akavua kamba shingoni. Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake. Akaubonyeza kiganjani mwa mumewe, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Bado kurudi, Gololi," akasema. Kisha akavaa kandambili zake, akaenda zake nyumbani bila kutazama nyuma. Hilo lilimgharimu, lakini alifanya. Jioni, nyundo ya mchomeleaji ikiwa bado inalia, alisikia fimbo ikigusa geti, kisha kigoda, kisha mlango wa jikoni. Mikono ya mumewe ilikuwa imejaa grisi mpaka viwiko.

Muuza makasha ya simu alipata kibanda kwingine. Fundi alianza na magurudumu, kazi ambayo tangu zamani ilikuwa ya ukucha na sikio. Kupaka rangi na kuchomelea alimwachia jirani. Michoro ya spana ukutani haikumfaa tena, akagongomea misumari kufuata umbo la kila spana, ili vidole vilitambue. Na akinyoosha rimu bado anasema "Nyamazeni!", lakini siku hizi mtaa haumtii, wala yeye hakasiriki.

Zamu ya mtaa ilipofika tena, lile gari la vumbi lilisimama mlangoni. Mwalimu wa fimbo akapiga hodi, dereva akilalamikia mgongo.

"Yuko wapi mwanafunzi wangu?"

Mke wa fundi alikuwa anakata vitunguu. Hakuinuka hata kitini.

"Hayupo," alisema. "Kaenda kazini."