Vipande Vinne vya Nyama

Nilikuwa nimeomba udaktari. Chuo kikuu cha serikali kikanipa nafasi ya kusomea lishe, kule Morogoro, na nikaenda. Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, watu hawakujua hiyo ni kazi gani. Baba aliwaambia majirani kanisani kwamba nasomea mambo ya chakula, wakamuuliza kama nitapika hotelini.

Mwaka wa pili, baba alifariki. Siku hiyo tulikuwa maabara, tunachoma unga wa mahindi kwenye tanuri hadi ubaki majivu, ili tupime madini yake. Karani wa ofisi ya mshauri wa wanafunzi aliniita mlangoni akaniambia baba mdogo amepiga simu kutoka Kimandolu mjini: baba alianguka shambani asubuhi, hakuamka. Nilimshukuru. Nilirudi ndani, nikangoja kibakuli cha majivu kipoe, nikapima majivu, nikaandika namba kwenye daftari. Kisha ndipo nikavua koti jeupe.

Msibani sikulia. Shangazi mmoja alisema, "Huyu analia ndani kwa ndani." Hata ndani nilitafuta, sikukuta kitu. Tulimzika kando ya migomba. Baada ya siku tano nilirudi chuoni kwa sababu kulikuwa na jaribio.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja mlimani kwetu na malori yao. Mwanzoni watu walifurahi. Baadaye bei ilishuka, wengi wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Mama hakung'oa. Alibaki na mibuni ya baba, migomba, na ng'ombe mmoja ambaye maziwa yake yaliteremka kila asubuhi hadi Kijenge, mjini, kwa wateja. Serikali nayo ilikuwa imeanza kutuambia wanafunzi tuchangie masomo yetu. Sikuwahi kumuuliza mama maziwa yale na ada yangu vinakutana wapi.

Mwaka wa tatu tulipelekwa vijijini kwa utafiti, na kundi langu likapangiwa Meru. Kazi ilikuwa kumwuliza mama wa kila nyumba alikula nini tangu jana asubuhi, na kiasi gani. Tulibeba vikombe, bakuli na vijiko vya kuonyeshea vipimo. Nyumba zilichaguliwa kwa kura. Mwenyekiti wa kijiji aliposoma orodha, nyumba yetu ilikuwemo. Tulikuwa tumekatazwa kuhoji ndugu, kwa hiyo tulikubaliana mwenzangu, msichana wa Tanga, aulize, mimi nishike vikombe na kuandika.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimelala kwa mama. Nilifika mchana wa jana yake, nikamkuta anakunywa chai ya rangi na ndizi ya kuchemsha. Jioni alinipakulia makande, yeye akasema ameshiba.

Mwenzangu alisalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu." Mama alimfutia kiti kwa kanga. Mimi alinitazama mara moja tu.

"Mama, jana asubuhi ulikunywa nini?"

"Chai ya maziwa. Na mkate. Na yai."

"Maziwa kiasi gani?"

Mama aliangalia vikombe mkononi mwangu, akakinyooshea kidole kile kikubwa.

"Na jioni?"

"Wali. Na nyama ya ng'ombe."

"Vipande vingapi?"

"Vitatu." Akafikiri kidogo. "Vinne."

Niliandika vinne. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri, nakumbuka. Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumba ya pili, mwenzangu alisema, "Mama yako anakula vizuri kuliko sisi bwenini." Nikasema, "Ndiyo."

Jioni, mama alipokuwa anamenya ndizi, nilimwambia, "Mama, jana hukula nyama."

"Najua."

"Sasa?"

"Yule mtoto katoka kwao mbali. Aende akasimulie kwamba mume wangu amekufa na mimi nakunywa chai ya rangi?" Aliendelea kumenya. "Na wewe ulikuwa unaandika nini?"

"Ulichosema."

"Basi."

Nilimwangalia mikono. Nilikuwa nimefundishwa kupima mkono wa mtu kwa utepe, na wa mama haukuhitaji utepe. Nilijua pia ninapaswa kuhisi kitu. Nilikula ndizi zote alizonipakulia.

Morogoro, tulipopiga hesabu, nyumba ile ilizipita nyingine zote kwa chakula. Mwalimu alisimamisha kidole juu ya karatasi. "Mjane, ekari moja, ng'ombe mmoja. Unaiamini hii?"

"Siamini," nilisema.

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu. Nililala pale. Alikula ndizi."

Nilidhani atanifukuza. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari mmoja kuanzia juu hadi chini, akaniambia niweke sahihi pembeni, na niandike sababu. Niliandika: *mhojiwa hakusema kweli*. Kisha nikaenda kula. Ilikuwa wali na maharage, na niliongeza.

Likizo iliyofuata nilimpeleka mama kliniki mjini. Walisema damu imepungua, wakampa vidonge. Tulibishana siku mbili kuhusu maziwa, hadi akakubali kubakiza kikombe kimoja, akawa anakinywa amesimama, haraka, kama dawa ya mtoto. Siku ya kuondoka nilimwambia kwamba karatasi yake ilifutwa.

"Walijuaje?"

"Niliwaambia."

Mkono wake ulikuwa kwenye fremu ya mlango.

"Wamekufelisha?"

"Hapana, mama."

"Haya," akasema. "Kaanue nguo zako, mvua hiyo inashuka."