Karatasi ya Rangi Ukutani kwa Shangazi

Mwaka wa 2007 nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi ya wakili mjini Nakuru, na kwa watu wetu, anayechapa barua za wakili ni wakili mwenyewe. Ndiyo maana shangazi yangu alipotoka shambani kwake Kabazi na mfuko wa nailoni uliojaa nyuzi za manjano, alikuja kwangu, si kwa mtu wa kilimo.

"Hii kitu haina majani, haina mizizi," akaniambia. "Imefunika fensi yote, na sasa imefika kwa passion zangu. Wewe umesoma. Niifanye nini?"

Hizo passion, matunda aliyokuwa akiuza sokoni, ndizo zilizokuwa zimemsimamisha tangu mumewe afariki. Zikienda, hana kingine.

Sikujua. Si ningesema tu sijui? Lakini alikuwa ananiangalia kwa ile imani yake, na mimi kiburi kilinijaa mpaka kooni. Nikamwambia angoje, nikavuka barabara hadi saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Mtandao ulikuwa unajikokota na saa yangu ya chakula ilikuwa inaisha. Nikaona picha ya nyuzi kama zile, nikashika hiyo hiyo. Ilikuwa ya watu wa maua wa ng'ambo, na maelezo yaliyokuwa chini yake yalihusu gugu lingine kabisa, jambo ambalo ningeliona kama ningesoma mistari miwili tu. Nikaichapisha kwa rangi. Nyuma nikaandika kwa Kiswahili safi ushauri wa mwisho wa maelezo yale: kata vipande vidogo, tandaza chini ya mimea, vitaoza viwe mbolea.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda kuitia plastiki na kuitundika ukutani, kando ya kalenda.

Miezi kadhaa baadaye, afisa wa kilimo alikuja ofisini kwa mambo ya shamba lake. Akiwa anangoja wakili, nikamuuliza kuhusu zile nyuzi, kupitisha wakati tu.

"Ukiikata vipande umeipanda," alisema. "Kipande chochote kikigusa mmea kinashika. Unatoa tawi zima lililoshikwa, unachoma, kabla haijatoa mbegu."

Nikaitikia kama mtu anayemuulizia jirani. Kisha nikaigeukia kibodi, nikaendelea kuchapa.

Nilipanga kwenda Kabazi Jumamosi hiyo. Sikuenda. Nikajiambia nitamwambia Krismasi, na Krismasi ikapita. Januari fujo za baada ya uchaguzi zikafunga barabara, watu wakafukuzwa makwao, na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi. Nilikuwa nimepata kisingizio.

Nilifika Aprili. Shamba la passion lilikuwa manjano kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini ya zile nyuzi matawi yalikuwa yamekauka. Shangazi alinikaribisha kwa chai kama kawaida.

"Ni makosa yangu," akasema. "Sikukata vidogo vya kutosha."

"Shangazi, hiyo karatasi..."

"Wachana na karatasi, karatasi iko sawa. Mwaka jana kuna afisa wa kilimo alipita hapa na pikipiki. Wakati huo ilikuwa imeshika mistari miwili tu. Ati niache kukata, nichome. Wee! Nilimtolea karatasi yako hapo ukutani, nikamwambia, soma. Mtoto wangu yuko kwa ofisi ya wakili, wewe umetoka wapi? Aliwasha pikipiki akaenda zake, na hajawahi kurudi."

Alikuwa anacheka, amejaa fahari. Nilitamani sakafu inimeze.

"Sasa niangalizie ingine," akasema. "Unichapie nipande nini pale."

"Sijui, Shangazi," nikasema. "Hata ile ya kwanza sikuwa najua. Nilikudanganya."

Akanipiga kofi dogo begani. "Na wewe unapenda mchezo!" akasema, akaniongezea chai.