Jiwe la Watu Wawili

Nimepita nchi nyingi zenye wafalme wakali, lakini Wasaksoni wa Magharibi ndio niliowaona wakiiogopa Jumapili kuliko upanga. Mfalme wao, Ine, ameweka sheria: mtumwa akitumwa kazi na bwana wake siku hiyo, anakuwa huru. Akifanya kwa hiari yake, anachapwa. Na mtu huru akijitia kazini siku hiyo, uhuru wake unapotea.

Tetta alizaliwa mtumwa nyumbani kwa Hunferth. Alisaga shayiri pamoja na Beage, mtumwa mwenzake, wakizungusha jiwe moja mkono juu ya mkono, na jioni wakila katika bakuli moja.

Jumapili moja ya mavuno, wingu lilitanda. Hunferth akaingia uani mbiombio.

"Tetta! Shika mundu, shayiri inalowa!"

"Leo Jumapili, bwana."

"Jumapili itakulisha uji theluji ikianguka? Toka!"

Beage alisikia yote. Alimsindikiza Tetta akinong'ona kwa kicheko, "Nenda, mwenzangu, kata polepole uonekane! Ukishakuwa bibi huru, usijifanye hunijui."

Tetta alikata, akaonekana. Kesi ilipofika barazani, Hunferth alikana kwamba alimtuma. Msimamizi wa mfalme akamgeukia Beage: je, alimsikia bwana wake akiamuru?

Beage alitazama vidole vya miguu yake. "Sikusikia kitu."

Tetta alichapwa mbele ya watu waliokuwa wakila mkate wa shayiri ileile. Haukupita muda, Hunferth alimpeleka Beage madhabahuni, akamwacha huru. Ndipo Tetta alipojua neno lile liliuzwa kwa bei gani.

Beage alipata kibanda ng'ambo ya kijito, lakini hakuwa na jiwe. Jumapili moja ya theluji, watu wakiwa kanisani, alijipenyeza kwa Hunferth na shayiri kidogo, akasaga peke yake. Tetta alikuwa akirudi kutoka misani, msimamizi yuko nyuma yake. Wote wawili wakausikia mngurumo wa jiwe.

"Nani huyo anasaga?"

"Sikusikia kitu," alisema Tetta.

"Basi masikio yangu yamejaa theluji," akasema msimamizi, akapita zake.

Tetta alipoingia ndani, Beage aliliachia jiwe. "Mwenzangu..."

Tetta alishusha bakuli lao, akamimina unga wote humo, akaliweka nje ya mlango.

"Chukua. Na bakuli pia."